Ugali wa Baba na Jiko la Zambia

Kwetu Izia, mtaa wa Sumbawanga mjini, chakula cha baba kilikuwa na kifuniko, na kifuniko hicho kilikuwa na heshima kuliko baadhi ya ndugu zetu. Jioni mama alisonga ugali wa ulezi, akaukusanya kwenye bakuli, akaulainisha juu kwa mwiko uliochovywa maji mpaka ukang'aa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, akaufunika. Kuanzia hapo hakuna mkono ulioruhusiwa kuugusa. Ugali wa baba ukikutwa umekatwa hata pembeni tu, maana yake ni kwamba mwenye nyumba hakutarajiwa kurudi, na mama hakuwa tayari kumtumia mume wake salamu za namna hiyo, hata kwa bahati mbaya. Mboga, iwe maharage au samaki mkavu wa mgebuka, ilikaa kwenye bakuli la pili, nayo imefunikwa.

Zamani, mahindi yaliponunuliwa na ushirika peke yake, utaratibu huo haukumsumbua mtu. Baba alikuwa mkulima. Jua likizama yuko nyumbani, ananawa, anafanya ishara ya msalaba, anafunua, mvuke unampanda usoni. Kisha soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, na baba, ambaye aliweza kutambua gunia lenye punje mbichi kwa kulipiga teke tu, akachukuliwa na mmoja wao asimamie mizani kule Laela. Tangu hapo alirudi na lori lolote lililomkubali, saa yoyote lililomkubali. Leo kabla ya giza, kesho saa tatu usiku. Soko huria lilikuwa huru kweli, hata saa za kula zilipewa uhuru wake.

Wasioijua Sumbawanga huwa wanadhani natia chumvi ninapoeleza baridi ya kule juu. Mwezi wa sita upepo ukivuka zile nyasi hauna kitu cha kuuzuia mpaka ukukute wewe. Ugali uliosongwa saa kumi na mbili, saa mbili unaweza kuutumia kujengea. Kwa hiyo mama aliingiza jiko la mkaa chumba cha ndani tulichokuwa tunaita jikoni, akafunga mlango, akafunga dirisha, akaweka sufuria ya maji motoni na bakuli za baba juu yake, akakaa pembeni kwenye kigoda, akisubiri mlio wa lori. Maji yakikauka, anaongeza. Mkaa ukififia, anapuliza. Na kila akipuliza, anakohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichotupeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua mbele na mgongoni, akasema kimechoka moshi. Kupika mchana kwenye kibanda cha nje kilicho wazi, aliruhusu. Kukaa na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, alikataza kabisa, akamwambia bila kumzungushazungusha kwamba akiendelea hivyo, baridi ikizidi atashindwa hata kutembea mpaka kanisani. Mama aliitikia ndiyo baba, ndiyo baba, kwa unyenyekevu uliomfurahisha sana daktari. Jioni ile ile akaingiza jiko ndani, akafunga dirisha.

Nilipomuuliza alisema daktari yule ana mke, ataelewa.

Tulijaribu jiko la mafuta ya taa, harufu yake ikamkaba kuliko mkaa. Tulijaribu kuviringisha bakuli kwenye blanketi, blanketi likanuka mgebuka na ugali ukapoa vilevile. Mimi wakati huo nilikuwa naishi nyumbani, kazi yangu kufuata vitenge Kasesya, mpakani na Zambia, na kuviuza sokoni mjini, na kila jioni nililala nikimsikiliza mama kupitia ukutani. Mimi ni mtu wa kuhesabu vitu mara mbili, sijui nilizaliwa hivyo au ni biashara. Nilikuwa nahesabu vikohozi vyake, na mara ya pili havikuwa vinapungua.

Basi siku moja pale Kasesya, upande wa pili wa mpaka, nikakuta jamaa anauza vyombo vilivyotumika: majokofu, pasi, redio zilizopoteza vitufe. Katikati yake palikuwa na sanduku jeupe lenye mlango wa kioo.

"Hili ni jiko lisilo na moto, dada," akaniambia kwa Kiswahili alichofundishwa na madereva wa malori.

"Jiko lisilo na moto ni kabati," nikamwambia. "Niuzie kwa bei ya kabati."

Akacheka, akachomeka waya, akaweka kikombe cha maji. Sahani ya ndani ikaanza kuzunguka, taa ikawaka, na baada ya muda mfupi kengele ikalia na maji yalikuwa yanatoa mvuke. Nikatia kidole, nikakitoa haraka. Hakuna moshi, hakuna mkaa, hakuna wa kupuliza. Nilijitahidi uso wangu usionyeshe chochote. Niliondoka mara mbili nikaitwa mara mbili, mara ya tatu nikaondoka sikuitwa, ikabidi nirudi mwenyewe nikijifanya nimesahau mwavuli. Tulipoelewana, akaanza kunieleza kwamba hiyo ni maikrowevu, kwamba chuma kisiingie humo, kwamba chakula lazima kikorogwe kikifika nusu ya safari. Mtu akianza kunipa masharti baada ya bei kushuka, huwa nahisi anatafuta njia ya kuipandisha tena. Sikumsikiliza. Nilikuwa nahesabu: waya, mlango, sahani ya kioo, kile kigurudumu cha chini yake. Nikahesabu tena, maana mpakani vitu huwa vinapungua wakati unafungua pochi.

Forodhani walidhani ni televisheni mpaka walipofungua mlango. Majirani zetu Izia hawakupata nafasi ya kufungua mlango, kwa hiyo waliendelea kudhani hivyo, na jioni wawili wakaja na vigoda vyao. Umeme wetu wenyewe ulikuwa unatoka upande wa Zambia, nikamwambia mama kwamba mashine hii haitapata shida, imekuja na umeme inaoujua. Akaiita jiko la Zambia, na jina likabaki.

Jioni ya kwanza mama aliingiza bakuli la baba kama lilivyokuwa, lile la bati lenye maua ya buluu, na kifuniko chake cha bati juu. Nilikuwa nje nachota maji ya kunawa. Nilisikia mpasuko, nikaingia nikakuta cheche zinaruka ndani kama fundi wa kuchomelea amehamia humo. Nikachomoa waya. Mama alikuwa amesimama mbali, mikono kifuani.

"Imekataa," akasema kwa utulivu.

"Haijakataa, mama. Imekataa bati."

"Bakuli ni la baba yako. Ikikataa bakuli, imemkataa yeye."

Ilibidi tutoe kabatini zile bakuli nyeupe za udongo zilizokuwa zinamsubiri padri aje kututembelea. Padri alikuwa amekuja mara moja tu, na hakula. Bakuli moja kwa ugali, moja kwa mboga, sahani nyeupe juu ya kila moja. Hakuna cheche. Taa, mzunguko, kengele. Mama alikaa mbele ya kile kioo akiangalia ugali wa mume wake unavyozunguka, akaniambia ni kama mtu anamtembeza mgeni kumwonyesha nyumba. Jiko la mkaa lililala nje usiku ule. Nami nililala nikihesabu, nikaishia njiani kwa usingizi.

Baba alikula siku ya kwanza bila neno. Siku ya pili nikamwona anasita, anazungusha tonge mkononi. Ukingo wa ugali ulikuwa unaunguza, na katikati palikuwa baridi kama jiwe la kusagia. Maharage vilevile: juu yanachemka, chini yamepoa. Alikula yote, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kurudisha chakula. Yale maharage yalikuwa yamepikwa mchana, yamekaa kwenye sufuria mpaka jioni, na kule katikati ya bakuli hayakuona moto tena. Asubuhi hakwenda Laela. Alishinda anakwenda chooni na kurudi, anakwenda na kurudi, na mama anamchemshia maji yenye chumvi na sukari, mimi nikipita pembeni ya nyumba kwa adabu.

Alipopata nguvu aliniita.

"Hili jiko lako, mama," akasema, baba alikuwa ananiita mama kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao, "linapasha kama mtu anayekusalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Lirudishe kwa wenyewe."

Jioni ile mkaa ukarudi ndani. Mwezi wa sita ulikuwa ndiyo kwanza unaingia, baridi yote ilikuwa mbele yetu, na mama tayari alikuwa anasimama njiani kupumzika akitoka kisimani, mahali ambapo hajawahi kusimama. Sikuhitaji daktari wa kunifafanulia. Mkaa ukibaki mle chumbani mpaka mwezi wa nane, tutampoteza, au atabaki mtu wa kitandani.

Sikulirudisha jiko. Kwanza yule jamaa asingenirejeshea, namjua, ningekuwa yeye nisingejirejeshea. Pili, lile jiko lilichemsha maji mbele ya macho yangu, kwa hiyo uwezo linao. Kasoro ilikuwa katika namna tunavyolilisha. Siku mama alipokwenda sala ya jumuiya, nikachukua ugali wa jana nikaanza kupimana nguvu na jiko. Niliweka bonge zima, nikalikata katikati, nikatia kidole: baridi. Nikaweka bonge jingine kwa muda mrefu zaidi: ukingo umekauka kama ganda la mti, katikati vuguvugu. Nikatia yai la kuchemsha kwa udadisi tu, likapasuka, nikatumia robo saa kulifuta ndani ya mashine kabla mama hajarudi. Ndipo nikamkumbuka yule muuzaji na masharti yake ya bure. Nikaumegamega ugali vipande bapa, nikavipanga kuzunguka ukingo nikaacha wazi katikati, nikanyunyiza maji kwa vidole, nikafunika kwa sahani. Nusu ya safari nikafungua, nikageuza vya ndani vikaja nje, nikafunika tena. Kengele ilipolia sikuwa na haraka, nikauacha utulie kidogo, maana joto huendelea kutembea hata mashine ikinyamaza. Nikafunua. Mvuke ulitoka kila mahali, hata kwenye kipande cha ndani kabisa. Maharage nayo, yakikorogwa mpaka chini, yalichemka yote, na nikajua kwamba yasipochemka mpaka katikati hayafai kupewa mtu.

Nilikuwa nimeshinda. Ndivyo nilivyodhani, kwa sababu nilikuwa nimesahau kifuniko.

Nilipomwonyesha mama alitazama vile vipande kwa muda mrefu. Akaniuliza kama najua nilichofanya. Nikamwambia nimepasha ugali. Akasema hapana, huo ni ugali ulioliwa, ameula nani? Nikamweleza habari ya katikati na ukingo, nikamweleza maji, mvuke, kugeuza. Alisikiliza vizuri kabisa, kama alivyomsikiliza daktari. Kisha akasema chakula cha baba yangu hakifunuliwi na mtu kabla yake, hakikatwi, hakikorogwi, na yeye hataanza uzeeni kumwekea mume wake makombo. Nikamwambia basi mimi nitaukata. Akasema hilo ndilo baya zaidi.

Nimeuza vitenge kwa wanawake wagumu. Nimewahi kumuuzia mmoja kitenge alichokuwa amekuja kunirudishia. Lakini mama sikumpata. Nikaamua kupanda ngazi.

Jumapili baada ya misa baba alikuwa amekaa kibarazani, kofia gotini, anaota jua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikakaa chini, nikaanza na bei ya juu, kama inavyotakiwa.

"Baba, nataka uwe unarudi kabla ya giza."

"Mwambie dereva wa lori."

"Basi ukubali ugali wako ukatwe kabla hujafika, upate moto mpaka ndani."

Akanitazama kama nimemtajia bei ya ng'ombe nikiwa nauza kuku. "Subirini nife kwanza."

"Anayekufa si wewe, baba. Ni mama, kwa mkaa wako."

Sijawahi kumwambia baba neno la namna hiyo, na nilishangaa kwamba bado nimekaa. Mama alikuwa kibandani nje, tunamwona mgongo wake, anapepeta ulezi, anapumzika, anapepeta. Baba alimtazama mpaka alipopumzika mara ya pili. Nikaona huu ndio wakati wa kushusha.

"Utawekewa mzima," nikasema. "Umefunikwa, hakuna aliyeugusa. Ukifika unafunua mwenyewe, unakata mwenyewe, unapasha mwenyewe."

"Wapi?"

"Jikoni."

Baba hakuwa ameingia mle jikoni tangu aliporekebisha bawaba ya mlango, na hata siku hiyo alisimama nje akaurekebisha kwa kunyoosha mikono. Aligeuza kofia yake, akaigeuza tena.

"Na mama yako atakuwa wapi?"

"Kwenye kigoda chake. Hana jiko mbele yake, hana moshi. Unamwona."

"Majirani wasijue."

"Majirani wanajua ni televisheni."

Akavaa kofia. Kwa baba hiyo ilikuwa sawa na kupeana mikono.

Jumatatu alirudi saa mbili. Mama alikuwa amepanga bakuli mbili nyeupe mezani, sahani juu, ameketi wima kwenye kigoda kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Baba aliinama mlangoni ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha. Akanawa. Akafanya ishara ya msalaba, akiwa ameielekea mashine, nadhani bila kukusudia. Akafunua ugali wake mwenyewe, mzima, unang'aa, akautazama kidogo apate haki yake, kisha akauvunja. Nilimwelekeza kuvipanga pembeni, kunyunyiza maji, kufunika. Akabonyeza nilipomwonyesha. Taa ikamwakia usoni.

Nusu ya safari akageuza vipande. Ilipofika zamu ya maharage mama akampa mwiko. Akaushika kama anavyoshika fimbo ya kupimia gunia, akakoroga juu juu.

"Mpaka chini," mama akasema.

Akakoroga mpaka chini. Akarudisha, akasubiri kengele, akanyoosha mkono atoe.

"Acha kitulie."

Akaacha kitulie. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sijawahi kuona mama anampa baba amri mbili mfululizo, na yeye anazifuata. Akafunua, akatia ncha ya kidole katikati ya bakuli, akakitoa haraka, akakitazama kwa heshima.

"Sasa huyu amekuja mpaka mlangoni kusalimia," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa baridi ile yote. Lori likimshusha, tunasikia mlango wa nje, maji ya kunawa, kisha ile sauti ya mashine. Baba akawa fundi wa jambo lile kwa namna ya kuchosha. Alinikataza kupasha kitu kwenye kopo la plastiki la siagi baada ya kuona moja limelegea. Alitaka mboga ya mchana ikipoa tu ifunikwe na kuwekwa chumba cha nyuma chenye baridi, isikae jikoni kuota joto. Na kilichopashwa mara moja kikabaki hakikurudi tena kwenye mashine. Kilikwenda kwa mbwa, na mbwa wetu alinenepa mwaka ule kuliko mbwa yeyote wa Izia. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika, alikula ndizi na maziwa, akalala, na hakuna aliyeingiza mkaa. Alilisema hilo mwenyewe jioni ya kwanza ya giza, mama alipokwisha kunyanyuka kufuata kiberiti: "Kaa. Sitakufa kwa usiku mmoja."

Siku hizi nikipasha chakula changu, mashine nyembamba, vitufe havina hata kelele, nasimama peke yangu nasoma simu mpaka kengele ilie. Ninachokikumbuka ni ule muda wa kusubiri. Mle jikoni hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuangalia sahani inazunguka, kwa hiyo wakaanza kuongea. Baba alimsimulia mama habari za Laela: nani ameloweka mahindi yawe mazito, mfugaji gani kaja na ng'ombe wake kupanga foleni ya mizani akidhani ni josho. Mama alimweleza nani kaolewa, nani kagombana na katekista. Nilikuwa nasikia vicheko kupitia ukuta ule ule niliokuwa nasikia kikohozi. Kikohozi hakikuisha kabisa, kifua kilichozeeka na moshi hakirudi kuwa cha binti. Lakini mwezi wa saba alitembea kwenda kanisani na kurudi bila kusimama njiani. Nilimfuata nyuma nikihakikisha. Jumapili iliyofuata nikamfuata tena.

Tulipompeleka kuonwa, daktari alimsikiliza mbele na mgongoni, akauliza ni dawa gani ametumia zaidi ya zile alizompa. Baba alikuwa ameketi pembeni, kofia gotini.

"Mzee anapasha chakula chake," mama akasema.

Daktari akadhani hakusikia vizuri, akamgeukia baba. Baba akawa anasoma tangazo la chanjo ukutani, lote, mpaka chini.

Mwezi wa nane mwishoni, siku moja lori lilimwahisha. Jua lilikuwa bado lipo. Mama ndiyo kwanza alikuwa ameepua ugali kibandani, ameuleta ndani, anaulainisha kwa mwiko, mvuke umejaa chumba. Baba akanawa, akaingia jikoni moja kwa moja kama alivyozoea, akasimama mbele ya mashine. Akaangalia bakuli, akaangalia mvuke, akamwangalia mama.

"Leo hakuna cha kupasha," mama akamwambia. "Nenda sebuleni, nakuletea."

Hakwenda. Alitazama huku na huku, akakuta ndoo iliyofunikwa, akaikalia. Magoti yake yalimfika karibu na kidevu. Akafanya ishara ya msalaba, akamega tonge la kwanza, akalichovya kwenye maharage, kisha akalisogeza bakuli mpaka likawa katikati, baina ya ndoo na kigoda.

Mama alishika mwiko wake hewani. Nilimwona anatafuta kifuniko kwa macho.

"Unasubiri nini?" baba akamwuliza. "Kitapoa."

Mama akaweka mwiko chini, akanawa, akamega upande wake.